Mtambuzi wa Kupe Hana Haraka

Kwa mwenye pupa, kupe ni kupe: anapuliza dawa, wanadondoka, kazi imekwisha. Mtambuzi wa kupe huanza kwa kumkagua mnyama, maana kila kupe ana makao yake. Kwa ng'ombe wa Kajiado, ndani ya sikio humtafuta Rhipicephalus appendiculatus, kupe wa kahawia anayeeneza ndigana kali, ugonjwa ambao Wamaasai huuita oltikana. Chini ya mkia humtafuta Rhipicephalus evertsi mwenye miguu myekundu. Kifuani na kwenye kiwele, jamii ya Amblyomma.

Humshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akamvuta taratibu, kwani kupe aliyekatika mdomo hutambulika kwa taabu. Kisha humtia kwenye spiriti ya asilimia 70 pamoja na kijikaratasi: mnyama gani, sehemu gani ya mwili, mahali, tarehe. Huandika kwa penseli, kwa kuwa spiriti hufuta wino.

Uhondo uko chini ya hadubini. Kwanza mdomo: mrefu kwa Amblyomma na Hyalomma, mfupi kwa Rhipicephalus. Halafu ngao ya mgongoni. Ya dume hufunika mgongo wote. Ya jike huishia mbele, tumbo lipate nafasi ya kuvimba kwa damu. Wanaofanana sana ndio mtihani wenyewe. Kupe wa buluu wa hapa, Rhipicephalus decoloratus, na nduguye microplus hutenganishwa kwa kuhesabu safu za vijino vya mdomoni: 3 kila upande kwa wa kwanza, 4 kwa wa pili.

Ndege wanadai subira zaidi. Hyalomma rufipes hupitisha utoto wake kwa ndege na sungura, ndipo akikomaa ahamie kwa ng'ombe. Anayempekua kanga hutafuta vidudu vidogo kama punje za mchanga. Kuku naye ana Argas persicus, kupe laini ambaye mdomo wake umejificha chini ya mwili. Aliyekomaa hunyonya usiku, mchana akalala kwenye nyufa za banda.

Ujuzi huu una mizizi hapa Kenya: Jane Walker, aliyefanya utafiti Muguga, alichapisha mwaka 1974 kitabu kizima juu ya kupe wa nchi hii.

Na jina sahihi huleta tiba sahihi. Kupe wa buluu hukulia kwa ng'ombe mmoja. Appendiculatus hunyonya wanyama watatu, mmoja kwa kila hatua ya ukuaji, na sehemu kubwa ya maisha yake huwa majanini. Kwa Argas, kumpaka kuku dawa bila kushughulikia nyufa ni kazi bure. Kwa hiyo, mfugaji wa Kitengela, kabla hujanunua dawa nyingine, tia kupe wachache kwenye chupa ya spiriti, andika walikotoka, uwapeleke kwa daktari wa mifugo.