Jahazi la mfano lifungwe kamba zinazokwenda

Fundi wa majahazi ya mfano hutumia muda wake mwingi kwenye mwili wa chombo: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, nakshi za shetri. Kamba humaliziwa mwishoni, mara nyingi kwa tone la gundi penye kila fundo. Naona hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika. Kipimo cha jahazi la mfano kiwe kimoja: je, foromali, yaani mti unaobeba tanga, inaweza kuhamishwa kutoka ubavu mmoja wa mlingoti hadi wa pili bila kukata kamba hata moja? Kipimo hiki kinaonekana kidogo, lakini karibu kila kitu kilichoko juu ya sitaha kimewekwa kwa ajili ya tendo hilo.

Tanga la jahazi lina ukingo mfupi wa mbele, nalo limefungwa kwenye foromali ndefu inayoning'inia kwa henza, kamba ya kuipandishia, kutoka kichwa cha mlingoti. Foromali hukaa upande wa demani, yaani ule usioelekea upepo, kwa hiyo upepo ukihamia ubavu wa pili, foromali na tanga navyo havina budi kuhama. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na bumu la Kuwait hadi Zanzibar katika msimu wa 1938–1939, alieleza jinsi mabaharia walivyokipa chombo upepo wa nyuma kwanza, ndipo wakahamisha. Kamba ya demani, inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, hulegezwa, ncha ya chini ya foromali huvutwa hadi foromali isimame karibu wima, tanga likapitishwa mbele ya mlingoti, kisha kamba ya goshi, ya pembe ya mbele, na ya demani zikafungwa upya. Sasa tazama mlingoti: umeinamia omo. Mwinamo huo huifanya foromali ining'inie mbali na mti na kupata nafasi ya kupita. Fundi anayeusimamisha wima ili upendeze ameiziba njia hiyo. Anayefunga kamba ya kudumu kutoka kichwa cha mlingoti hadi omo, kwa kuiga picha za merikebu za Ulaya, amekosea zaidi, maana tanga lingenasa hapo kila chombo kinapogeuka. Kinachouzuia mlingoti usianguke mbele ni henza yenyewe, kwa kuwa hufungwa nyuma yake, pamoja na kamba za ubavuni ambazo hukazwa goshini, upande wa upepo, na kulegezwa demanini.

Henza ndiyo inayostahili uvumilivu wa fundi kuliko kamba nyingine yoyote. Huanzia kwenye foromali, hupanda, hupita kwenye tundu lenye gurudumu kichwani mwa mlingoti, hushuka nyuma na kuishia kwenye gofia, yaani kapi la juu. Toka hapo jarari, iliyo nyembamba zaidi, huzunguka kati ya gofia na abedari, kapi la chini lililofungwa sitahani, na hivyo mikono michache ikaweza kunyanyua mzigo mkubwa. Kwa kipimo cha 1:20, jahazi la mita 15 huwa sentimita 75, henza ya sentimita 4 huwa milimita 2, na jarari ya sentimita 2 huwa milimita 1. Anayetumia uzi wa unene mmoja kwa kamba zote amekwisha kuficha ni ipi inayobeba na ni ipi inayovuta. Foromali nayo, katika vyombo vikubwa, ni miti miwili au zaidi iliyolazwa sambamba na kufungwa kwa kamba. Haifai ichongwe kijiti kimoja laini.

Kuna watakaosema kwamba vitu vidogo havifuati tabia ya vikubwa, na wana haki. Kwa kipimo hichohicho eneo la tanga hupungua mara 400 na uzito wa foromali mara 8,000, lakini kitambaa hakilainiki kwa kiasi hicho. Kitambaa kipya cha marekani kingekaa kama ubao. Dawa ipo: pamba nyepesi iliyofuliwa mara nyingi, uzi uliopakwa nta, na foromali ya mpingo, mti mzito unaozama majini. Weusi wake si rangi ya foromali halisi. Mimi ningeuvumilia, kwani mwendo ndio unaotafutwa.

Wahifadhi wa makumbusho watalalamika kwamba kamba zisizogundishwa hulegea na kukusanya vumbi. Basi chombo kioneshwe kama kilivyo bandarini, foromali imeshushwa na tanga limekunjwa. Mifano ya zamani isiguswe hata kidogo. Gundi yake nayo ni ushahidi wa namna ilivyotengenezwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ujuzi huu bado u hai katika mashindano ya majahazi ya Lamu, kwa hiyo hauhitaji mfano. Lakini pale foromali huhama kwa kasi, katikati ya kelele na maji, na mtazamaji wa pwani haoni mkono upi umeshika kamba ipi. Mfano wenye kamba zinazokwenda unaweza kusimamishwa foromali ikiwa wima, tanga likiwa limepita nusu, na mwanafunzi akafuata henza kwa kidole kutoka kichwani hadi kwenye gofia.