Pazia la maganda ya risasi

Coup Fatal, iliyoonyeshwa Vienna mwaka 2014, ilitoa nyimbo za Händel na Gluck kabatini. Serge Kakudji anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, wanamuziki wa Kinshasa wanamjibu kwa likembe na gitaa. Kisha masapeur wanaingia, watu wanacheka. Mpenda heshima atanung'unika. Kumbe kicheko njo desturi yenyewe: mwaka 1643 Monteverdi alitia yaya wa kuchekesha ndani ya opera yake.

Kasoro iko kwingine. Pazia la Freddy Tsimba limeshonwa kwa maganda ya risasi: kule Ulaya ni pambo, hapa Goma watoto wanayaokota. Na zile nyimbo za zamani zilibaki kwa Kiitalia, wakati Mufwankolo wa Lubumbashi alichekesha miaka mingi kwa Kiswahili chetu.