Inchi 6 za A-bike: Kosa Lililoanzia Kwenye Mkoba

Uamuzi wa kuipa baiskeli ya kukunja ya A-bike magurudumu yenye kipenyo cha inchi 6, ambao Clive Sinclair na wenzake waliufikisha sokoni Uingereza mwaka 2006, ulikuwa kosa la msingi, na kosa hilo linastahili kuchambuliwa hadi leo kwa sababu wanunuzi wengi huendelea kulirudia wanapouliza baiskeli itaingia kwenye mkoba gani kabla ya kuuliza itapita barabara gani. Fremu yake ya mabomba yanayoingiana ilikuwa kazi safi, na uzito wake wa chini ya kilo 6 ulikuwa mafanikio ya kweli.

Gurudumu hupanda kizuizi kwa kuuzungukia ukingo wake, na kadiri nusu kipenyo, yaani umbali kutoka ekseli hadi uso wa tairi, kinavyopungua, ndivyo kizuizi kilekile kinavyogeuka kuwa ukuta. Ikichukuliwa hali ya gurudumu gumu lililosimama likigusa jiwe lenye kimo cha sentimita 2, hesabu ya wenzo inaonyesha kuwa gurudumu la inchi 6 huhitaji msukumo wa mlalo unaokaribia asilimia 92 ya uzito lililoubeba ili lianze kupanda, ilhali gurudumu la baiskeli ya kukunja ya Brompton, ambalo pamoja na tairi lake lina kipenyo cha takriban sentimita 42, huhitaji asilimia 47, na lile la baiskeli kubwa lenye sentimita 68 huhitaji asilimia 36 tu. Tairi la upepo hupunguza ukali wa hesabu hiyo kwa kubonyea, lakini tairi dogo namna ile hubeba upepo kidogo na lina nafasi finyu ya kubonyea kabla ringi haijagonga, hivyo baiskeli iliyohitaji ulaini kuliko zote ndiyo iliyoukosa.

Shimo ni baya kuliko jiwe, kwa kuwa gurudumu dogo hutumbukia lote mahali ambapo kubwa lingepita likiwa limeegemea kingo zote mbili, na gurudumu la mbele likishakwama, mwendo humsukuma mwendeshaji juu ya usukani, hasa katika baiskeli ambayo ekseli zake mbili zimekaribiana kama za A-bike. Hakuna ustadi wa kuendesha unaoweza kuliondoa tatizo hilo, kwani limo ndani ya kipimo chenyewe.

Kosa hilo liliingia hata kwenye gia. Mzingo wa gurudumu la inchi 6, yaani umbali linaosafiri kwa mzunguko mmoja, ni takriban sentimita 48, kwa hiyo ili pedali zikizunguka mara moja baiskeli isonge mita 4, gurudumu lazima lizunguke zaidi ya mara 8, wakati la Brompton hutosheka na mara 3. Ndiyo maana wabunifu walilazimika kuunganisha minyororo miwili inayopokezana ndani ya kifuniko, na hivyo kuongeza vipuri, msuguano na mzigo wa beringi, yote kwa ajili ya kulipia deni la magurudumu.

Ni ugonjwa uleule ulioonekana mwaka 1985 katika C5, chombo cha umeme cha magurudumu matatu cha Sinclair huyohuyo, ambacho nacho kilibuniwa kana kwamba barabara ingejirekebisha ili ikifuate. Wala kampuni kubwa hazikusalimika: Raleigh, baada ya kuukataa ubunifu wa Alex Moulton wa baiskeli ya magurudumu madogo, ilitoa baiskeli yake ya RSW 16 mwaka 1965 ikitumia matairi manene yenye upepo laini badala ya springi, na matokeo yake yalikuwa baiskeli nzito kuisukuma. Moulton, aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1962 kwamba gurudumu dogo hufaa pale linapopewa tairi jembamba lenye upepo mkali pamoja na springi mbele na nyuma, na mwaka huohuo John Woodburn alivunja rekodi ya Cardiff hadi London akiendesha baiskeli ya Moulton. Raleigh iliinunua biashara ya baiskeli ya Moulton mwaka 1967, na ununuzi huo ni ungamo tosha.

Andrew Ritchie, aliyebuni Brompton jijini London katika miaka ya 1970, alijua pa kukoma. Alishikilia inchi 16, akatafuta udogo kwenye namna ya kukunja, ambapo pembetatu ya nyuma hupinduka chini ya fremu, kipande cha mpira hufyonza mishtuko, na mnyororo hubaki katikati ya magurudumu usichafue nguo.

Mwenye kuchagua leo na apime kwanza sehemu mbovu kuliko zote ya njia yake. Anayepanda treni kila siku na kumalizia mwendo mfupi wa lami atatosheka na inchi 16, na anayekabili mashimo, mizigo au safari ndefu achukue inchi 20 hata kama furushi litakuwa kubwa. Asiamini neno “inchi” peke yake, maana ringi za inchi 16 zipo za milimita 349 na za 305, na za inchi 20 zipo za 406 na za 451, na matairi yake hayabadilishani. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ndiyo ya kusomwa kabla ya kulipa.

A-bike yenyewe ilikuwa na inchi 8 katika toleo lake la umeme la mwaka 2015, na hata hapo ilikuwa nusu tu ya kipimo alichokomea Ritchie.