Kipimajoto Kisichotumia Waya: Tuulize Kwanza Kumbukumbu

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata bidhaa Guangzhou, China, wanaijua barabara ya Huanshi Zhonglu kwa jengo la Tianxiu, namba 300, ambako Waafrika na Waarabu wamefanya biashara kwa miaka mingi. Anayetafuta huko vifaa vya kurekodi joto bila waya, vya kufunga kwenye stoo ya dawa, ni rahisi aanze na maswali mawili: bei gani, na mawimbi yanafika mita ngapi? La kwanza halikwepeki. La pili, kwa maoni yangu, linapewa uzito usiolistahili, na ushahidi mzuri unatoka China kwenyewe.

Mwaka 2013 China ilitoa kanuni mpya za uendeshaji wa biashara ya dawa, pamoja na kiambatisho kinachohusu upimaji wa joto na unyevu kwa mitambo inayojiendesha. Kila ghala linalojitegemea lazima liwe na vihisi visivyopungua viwili, na likizidi mita za mraba 300 vinaongezwa. Kwa ghala la baridi hesabu hiyo hufanywa kwa kila mita za mraba 100. Kati ya nyuzi 0 na 40 kosa la kipimo lisizidi nusu nyuzi. Mtambo husoma joto walau kila dakika 1, huandika kila dakika 30, na joto likivuka mpaka huandika kila dakika 2. Kuna sharti jingine ambalo wengi wangelipita haraka: mtambo wa kupima usiunganishwe na mitambo ya kupoza, ili hitilafu ya kiyoyozi isimwangushe na mpimaji wake. Hapo ndipo ninapoona fikra ya mhandisi. Shahidi hapaswi kumtegemea mshitakiwa.

Sasa tupige hesabu ya kumbukumbu inayohitajika. Rekodi moja kila nusu saa ni 48 kwa siku, yaani 17,520 kwa mwaka. Ikiwa kila rekodi, pamoja na saa yake, inachukua baiti 6, mwaka mzima haufiki kilobaiti 110. Nafasi hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kifaa kinachotuma vipimo bila kujiwekea nakala hakina udhuru. Redio hukatika: umeme ukizimika kwenye kituo cha kupokea, au kihisi kikifungiwa ndani ya friji ya bati linalozuia mawimbi, vipimo vya saa hizo vinapotea, na mara nyingi ndizo saa tunazozihitaji. Redio pia ndiyo inayomaliza betri kuliko kupima kwenyewe. Busara ni kupima mara nyingi, kuhifadhi pale pale, na kutuma kwa vipindi, isipokuwa mambo yakiharibika.

Atakayepinga atasema kanuni hizo ni za maghala makubwa, na zahanati yenye friji moja inatosheka na daftari linalojazwa asubuhi na jioni. Daftari halioni usiku. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama za pepopunda na homa ya ini B, zikiganda zimeharibika, na kuganda hakungoji zamu ya asubuhi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha baridi iliyopita kiasi katika asilimia 37 hivi ya hifadhi zilizopimwa kwenye nchi za kipato cha chini. Nchi tajiri nazo zilikuwa na asilimia 33. Ndiyo maana friji nyingi za chanjo huwekewa kirekodi kidogo cha siku 30, kinachotoa tahadhari joto likikaa chini ya nyuzi 0.5 hasi kwa dakika 60, au juu ya nyuzi 8 kwa saa 10. Aina zake zinazotumika sana hazina redio kabisa, na bado zinaaminiwa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kumbukumbu humweleza mtu asubuhi kwamba dawa ziliharibika saa nane za usiku. Nalikubali. Hapo redio inastahili bei yake, na kanuni za China zinataka tahadhari ifike kwa ujumbe mfupi wa simu kwa watu wasiopungua watatu walioteuliwa. Anayefunga mtambo wa namna hiyo Dar es Salaam au Mombasa ahakikishe namba mojawapo ni ya mtu anayelala karibu na stoo, mwenye ufunguo wa mlango na anayejua kuwasha jenereta.