Soga la Kibarazani na Yule Asiyetajwa

Mara nyingi, ndugu msomaji, tumesikia mahubiri dhidi ya soga. Mhubiri hutukumbusha onyo la Bwana juu ya maneno ya ovyo na hesabu tutakayotoa kwa ajili yake. Kisha huwataja wanaokaa vibarazani hadi usiku wakizungumza mambo yasiyojenga: safari za baharini, muziki wa kizungu, bei ya pweza. Sisi wa Kilwa Masoko huinamisha vichwa, maana tunajijua. Ibada ikiisha na jua likipungua ukali, tuko palepale kwenye kibaraza cha duka, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata kwenye karatasi.

Makala hii haikusudii kumpinga mhubiri. Inakusudia kulipima soga kama mtu anavyopima shairi au hotuba: lina uzuri gani, lina kasoro gani, na kasoro hiyo inamgharimu nani. Tunafanya hivyo kwa sababu kasoro hiyo iliwahi kumgharimu jirani yetu, na sisi tulikuwemo.

Tuanze na uzuri wake. Kibaraza chetu kina Waislamu wengi na Wakristo wachache, kama mji wenyewe ulivyo. Hakuna mwenyekiti wala ajenda. Aliyetoka Songo Mnara jana anasimulia jinsi mashua yao ilivyopwelewa kwenye mikoko, wakashuka na kutembea kwenye tope lililofika mapajani. Mwingine anamkatiza: yeye alikwama mahali hapohapo wakati wa kusi, na tope lilifika kiunoni. Kila msimuliaji akipokea zamu, tope linapanda. Wote tunajua linapanda, na hakuna anayelalamika, kwa sababu hakuna anayedanganywa. Kutoka hapo tunaingia kwenye ufuta na korosho, kwenye mtoto aliyefaulu na mtoto aliyefeli, kwenye bati lililong'olewa na upepo.

Soga la namna hii lina kanuni zake. Msimuliaji lazima atoe kitu kinachoonekana: kamba iliyokatika, mawingu ya upande fulani, rangi ya samaki. Akianza kuhubiri, watu huagiza kahawa nyingine kwa sauti. Msikilizaji ana haki ya kukatiza, kuuliza na kukanusha. Na katika kuzungumza hivyo, watu ambao wasingeweza kukaa saa moja wakijadili imani zao hukaa saa tatu wakijadili pweza, na siku ya msiba kila mmoja anaijua njia ya kwenda kwa mwenzake. Kwenye pwani hii, amani kati yetu imejengwa kwa maongezi ya aina hiyo zaidi ya kujengwa kwa mikutano. Mhubiri akisema hayajengi, hapo tunaomba atazame tena.

Sasa tuje kwenye kasoro. Kijana mmoja wa kibarazani kwetu hutembeza wageni Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Anajua kusimulia. Jioni moja alitusimulia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331, na ambaye miaka zaidi ya 20 baadaye, akiwa amerudi Moroko, aliyasimulia mambo yote aliyoyaona huku mwandishi akiandika. Ukiisoma safari ile utaona kuwa nayo ni soga, tena soga zuri: nani alimkaribisha, alikula nini, alikutana na nani baada ya swala.

Habari yenyewe ni hii. Sultani wa Kilwa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa ukarimu hata akaitwa baba wa zawadi. Ijumaa moja, akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakukasirika. Alirudi kwenye nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akamwambia yule maskini aingie achukue. Watu wakamsifu sana. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa kumpa maskini watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kijana alimaliza, na kibaraza kizima kikasema maneno ya kustaajabu. Kisha mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, ambaye huwa hasemi sana, akauliza, "Na wale ishirini, mwanangu, walikwenda wapi?"

"Babu, hiyo haimo kwenye hadithi."

"Basi hadithi yako haijaisha."

Hakuna aliyeongeza neno. Tulijua kwa nini anauliza. Bibi wa mama yake aliletwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa iliyokwenda Unguja. Jina alilokuja nalo hakuna anayelijua. Zile habari za ukarimu zimesimuliwa kwa karibu miaka 700, na watu ishirini wamebaki ndani yake kama hesabu tu, kando ya pembe za ndovu.

Tusidhani kuwa kasoro hii ni ya wengine. Sisi Wakristo tunapenda kusimulia kwamba msalaba ulifika Kilwa mwaka 1505. Ni kweli. Shahidi mmoja aliyekuwa katika merikebu za Wareno, chini ya Francisco de Almeida, aliandika jinsi watawa Wafransisko walivyoshuka pwani kwa maandamano, wakiwa na misalaba miwili na wakiimba sifa, wakafika kwenye jumba la mfalme, na jemadari akasali mbele ya msalaba. Maelezo yaleyale yanaendelea kusema kwamba baada ya hapo kila mtu alianza kuupora mji. Katika masimulizi yetu ya kanisani huwa tunaishia kwenye wimbo. Wenye nyumba zilizoporwa siku ile hatuwataji, ingawa wajukuu wa wajukuu zao huenda ndio tunaokunywa nao kahawa.

Basi soga lina tabia ya kulinda uzuri wake kwa kumwacha mtu nje. Hilo si kosa la lugha wala la usahaulifu tu. Kila simulizi huchagua. Lakini tukishazoea kuchagua kwa namna moja, tunazoea pia kutoona, na kutoona huko tunarudi nako nyumbani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye habari yetu wenyewe. Kijana mwingine wa kibarazani anapenda muziki wa roki. Simu yake hulia magitaa ambayo wazee huyaita kelele za karakana. Jioni moja alituwekea nyimbo za kundi la Queen, akatuambia kwa fahari kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni wa kwetu. Naye hakukosea. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotoka India. Alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Zanzibar akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Kundi la Queen lilianza mwaka 1970.

Soga lile lilikwenda kwa kanuni ya tope linalopanda. Mmoja akasema babu yake alikuwa Unguja miaka ileile. Mwingine akasema babu yake alimwona. Wa tatu akasema sauti kama ile haipatikani ila kwa aliyekunywa maji ya pwani hii. Kuondoka kwa mwaka 1964 tulikuruka haraka, maana huko kuna majonzi ya watu wengi. Kisha mtu akauliza alikufaje. Kijana akajibu: Ukimwi, Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaumwa. Mmoja wetu akatoa mzaha juu ya jibu hilo. Hatuurudii hapa. Tulicheka wote, na aliyeutoa ni mtu wa kanisani kwetu.

Wakati ule ndugu mmoja, naye wa kanisa letu, alisimama akaaga. Alisema maji yanakupwa, lazima akaangalie chombo chake. Sisi ni watu wa pwani. Kila mmoja pale alijua kwamba saa ile maji yalikuwa yanajaa. Hakuna aliyemwuliza kitu, na soga likaendelea.

Zilipita wiki tatu bila yeye kuja. Tulipokwenda kumwona ndipo tulipomkuta dada yake, aliyerudi kutoka Dar es Salaam akiwa mgonjwa na kukaa kwa kaka yake bila sisi kujua. Alikuwa na dawa zake alipofika. Zilipokwisha hakwenda kuchukua nyingine, kwa sababu njia ya kwenda kliniki inapita mbele ya kibaraza chetu. Alituambia bila hasira, akiwa amelala kwenye mkeka, "Kicheko chenu kinafika hadi dirishani."

Dawa hizo hutolewa bure. Hakuna daktari aliyemzuia, wala umbali haukumzuia. Kilichomzuia ni soga letu. Tangu siku ile tumeacha kusema kwamba maongezi ya kibarazani ni kitu kidogo, kwa ubaya au kwa uzuri.

Je, dawa yake ni kunyamaza? Tumeirudia Injili ya Luka, kwenye wale wafuasi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau. Ukiwatazama bila haraka, nao walikuwa wanapiga soga la safari: watu wawili barabarani, jua linashuka, wanazungumza habari zilizotokea mjini. Bwana mfufuka alijiunga nao, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza wanazungumza nini. Aliwaacha waeleze yote, kana kwamba yeye ndiye mgeni asiyejua. Nao walieleza vizuri, ila kwa kasoro ileile tunayoijua: walitaja kwamba wanawake fulani wa kwao waliwashtua kwa habari za kaburi, bila kuwataja majina na bila kuwasadiki. Ushahidi wenyewe wa ufufuko ulikuwa umo ndani ya soga lao, umepitwa kama jambo la pembeni. Bwana aliwakemea kwa kutoamini, hakuwakemea kwa kuzungumza. Akatembea nao, akaingia kwao, akakaa mezani, akamega mkate.

Luka anamtaja mmoja wao, Kleopa. Wa pili hana jina. Wengi wetu tumefundishwa kujiweka katika nafasi yake. Sisi tungeongeza kwamba tunaweza pia kumwona ndani yake kila mtu aliyeachwa nje ya masimulizi yetu, ambaye hata hivyo alikuwepo njiani na Bwana alikuwa kando yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kanisa lisiwafukuze watu vibarazani. Likifanya hivyo, wataondoka wale wachache wanaolisikiliza, na kibaraza kitabaki na wale wasioulizwa kitu. Lifundishe swali la yule mzee mvuvi, kwamba katika kila simulizi la safari, la muziki au la mji, mmoja wetu aulize: nani mwingine alikuwepo? Swali hili haliui soga. Jioni ile ya wale watumwa ishirini, baada ya kimya, watu walianza kusema habari za mababu zao ambazo hatukuwahi kuzisikia, Wakristo kwa Waislamu, na muuza kahawa alilazimika kuchemsha birika jingine.

Yule dada sasa anatumia dawa. Siku za kliniki hupita mbele yetu na kusema hamjambo, nasi tunaitikia hatujambo, na soga linaendelea bila kushusha sauti, kwa sababu yeye mwenyewe alituomba hivyo. Kaka yake amerudi kukaa nasi. Yule aliyetoa mzaha alikwenda kuomba radhi. Alikwenda peke yake, na yaliyosemwa huko hatukuyauliza.

Mhubiri akiligusa soga tena, tutainamisha vichwa kama kawaida, ila sasa tunajua neno gani tunalolitubu. Si la pweza, wala la tope la Songo Mnara, wala la magitaa. Na jioni, Mungu akipenda, tutakuwa kibarazani.