Mvua ya Dazexiang: Kaisari wa Kwanza katika Kalamu ya Sima Qian

Anayemsoma Qin Shi Huang, kwa kiasi kikubwa, anamsoma Sima Qian. Kaisari huyo alikamilisha kuziunganisha dola za China mwaka 221 K.K., akafariki mwaka 210 K.K. Mwandishi wa *Shiji* alikuja yapata karne moja baadaye, akiwa mtumishi wa nasaba ya Han, ambayo ilijijengea uhalali juu ya magofu ya Qin. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama alisema kweli. Tunapaswa pia kuuliza ushahidi hubaki wapi pale usimulizi unapokuwa umekwisha kutoa hukumu.

Tuchukue tukio la Dazexiang, mwaka 209 K.K. Watu 900 wanapelekwa kulinda mpaka huko Yuyang. Mvua inakata njia. Chen Sheng na Wu Guang wanapiga hesabu: wamekwisha kuchelewa, na kwa sheria mchelewaji hukatwa kichwa, wakitoroka watakufa, wakiasi watakufa, basi heri wafe kwa jambo kubwa. Mantiki hii imefumwa kwa ustadi hata msomaji haoni pa kuulizia. Dola nzima inaanza kuporomoka kwa sababu ya mvua na sheria isiyosikia udhuru.

Mwishoni mwa mwaka 1975, huko Shuihudi katika mkoa wa Hubei, wanaakiolojia walifukua kaburi la ofisa mdogo wa Qin aitwaye Xi, aliyefariki yapata mwaka 217 K.K. Alizikwa na vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vyenye maandishi, vingi vikiwa vya sheria. Humo tunasoma kwamba walioitwa kwenye kazi za shuruti wakichelewa siku 3 hadi 5, adhabu ni karipio. Siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja. Zaidi ya hapo, faini ya deraya moja. Mvua ikizuia, wito hufutwa. Kifungu hicho kinahusu kazi za shuruti, si ulinzi wa mpakani, na huenda sheria za kijeshi zilikuwa kali zaidi. Hata hivyo, kinatosha kutuzuia kuipokea hesabu ya Chen Sheng kana kwamba ni nukuu ya kitabu cha sheria. Ni kauli ya mhusika anayewashawishi wenzake waasi.

Je, Sima Qian ni mzushi? Kitabu chake chenyewe kinamtetea. Anaposimulia amri ya mwaka 213 K.K. ya kuchoma vitabu, anaeleza kwamba vya tiba, uaguzi na kilimo viliachwa. Anaposimulia mauaji ya watu zaidi ya 460 mwaka uliofuata, anayatanguliza na kisa cha waganga waliotumia mali ya Kaisari kumtafutia dawa ya kutokufa, kisha wakatoroka. Amenakili hata maandishi ya mawe ambayo Kaisari alijisifia milimani. Mshitaki huyu hakuficha vielelezo vya upande wa pili.

Tena alikuwa na jeraha lake. Alihasiwa kwa amri ya Kaisari Wu wa Han baada ya kumtetea jemadari Li Ling, aliyesalimu amri kwa Xiongnu. Wu naye alitafuta dawa ya kutokufa, akapanda mlima Taishan kufanya matambiko, akategemea maofisa wakali. Ndiyo maana wasomaji wengi wameshuku kwamba nyuma ya sura ya Qin Shi Huang imefichwa sura ya bwana aliyekuwa hai. Nakubaliana nao, kwa sharti moja: fumbo halimfuti aliyetumiwa kulifumba. Qin Shi Huang si kinyago tu cha kumsemea Wu.

Kosa la upande wa pili ni kumsafisha. Vipande vya Xi vilifukuliwa wakati siasa za Mao zilipokuwa zikimsifu Kaisari huyo kuwa mwanamaendeleo aliyewashinda wafuasi wa Confucius. Lakini mianzi ileile inayofuta wito kwa sababu ya mvua inataja pia kukatwa pua, kuchanjwa chale usoni na kutumikishwa kazi ngumu. Sheria yenye vipimo si lazima iwe yenye huruma. Yaweza kuwa ukatili uliohesabiwa vizuri.

Basi mvua ya Dazexiang tuisome kama fasihi inayoshuhudia jambo ambalo mianzi haiwezi kulishuhudia. Xi anatuambia ofisa aliagizwa kutoza nini. Sima Qian anatuambia jinsi utawala huo ulivyokumbukwa: kama mahali ambapo mtu aliyecheleweshwa na mvua aliweza kuamini, bila kufungua kitabu chochote, kwamba atauawa. Utawala unaoaminiwa hivyo na raia wake una la kujibu, hata kama sheria zake zilisema vingine.