Google Summer of Code: Mgeni Anavyoingia Kwenye Mradi

Google Summer of Code ilianza mwaka 2005. Iliwalipa wanafunzi wa vyuo dola 4,500 kila mmoja ili likizo ndefu, ambayo kwa nchi za Kaskazini huangukia kiangazi, waitumie kuandika programu huria badala ya kuhangaika na vibarua. Mwaka huo waliomba zaidi ya 8,000, wakachukuliwa takriban 400. Tangu 2022 si lazima mwombaji awe mwanafunzi. Inatosha awe ametimiza miaka 18 na bado ni mgeni katika programu huria.

Google hutoa fedha na ratiba, ila haimchagui mtu. Miradi ndiyo hutangaza kazi, husoma maandiko ya waombaji na kuiomba Google nafasi. Anayepaswa kuridhishwa, basi, ni mlezi, mtaalamu wa mradi anayejitolea, na linalomsumbua ni moja: je, huyu ataweza kufanya kazi nasi? Andiko peke yake halimjibu, hata liwe zuri vipi.

Ndiyo maana mwombaji makini huanza wiki kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Hupakua msimbo, huuendesha kwenye kompyuta yake, hutafuta kasoro ndogo, kwa mfano ujumbe wa kosa usioeleweka, huirekebisha na kutuma marekebisho hayo. Mara nyingi hurudishiwa: jaribio halipo, jina la kigezo linapotosha. Anavyopokea kukosolewa, anavyouliza, anavyorudi na toleo la pili, yote hayo mlezi huyaona. Mistari mitano iliyopokelewa hivyo humshawishi kuliko kurasa kumi za ahadi.

Aliyechaguliwa hupewa wiki chache za kuzoeana na mradi, kisha huandika msimbo, kwa kawaida kwa wiki 12. Tathmini ni mbili, ya katikati na ya mwisho, na posho hutegemea matokeo yake. Siku hizi kiasi chake hubadilika kwa ukubwa wa kazi na gharama za maisha za nchi anayoishi.

Kinachoharibu kazi nyingi nzuri ni kujifungia. Mtu hukaa kimya mwezi mzima, kisha humwaga maelfu ya mistari kwa mpigo, ambayo mlezi hana muda wa kuikagua. Kazi inayotumwa vipande vidogo kila wiki hukaguliwa ikiwa bado mbichi. Kipande kikikataliwa wiki ya pili, zimebaki wiki kumi za kukiandika upya.